Mfalme Aliyesoma Kisiwani

Wako wazee katika Mbeya na Iringa wasemao, "Siku zangu za kusoma zimepita." Na wasikie habari za Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Mwaka 1899 Waingereza walimjeruhi mkono vitani, wakamkamata pamoja na Mwanga wa Buganda, wakawapeleka visiwa vya Shelisheli, katikati ya bahari. Mwanga alifariki huko mwaka 1903. Kabalega alikaa zaidi ya miaka ishirini, mbali na watu wake. Katika upweke huo, naye ni mtu mzima, alijifunza kusoma na kuandika, akabatizwa kwa jina la Yohana. Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi, lakini alifariki njiani, Jinja, asiione tena Bunyoro. Basi, mwalimu, mzee akija darasani usimcheke; mpe kiti na kitabu.