Ufa Uzibwe kwa Kitu Gani?



Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo ni wa kweli, lakini kwa wenye nyumba za zamani katika miji yetu ya Iringa na Mbeya una upungufu mmoja. Hauelezi ufa uzibwe kwa kitu gani, wala nani aulizwe kwanza. Ndiyo maana wapo wanaoziba nyufa kila mwaka, na mwisho ukuta wanaujenga vile vile.

Tuchukue nyumba ya katikati ya mji iliyojengwa enzi za Wajerumani au Waingereza. Kuta zake ni nene, za matofali mabichi au ya kuchoma, yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa. Mvua zinazoanza Novemba zikiisha, lipu ya chini inabanduka. Mwenye nyumba anamwita fundi aliye karibu, naye anasema, "Mzee, hapa ni saruji tu." Lipu ya saruji inapigwa, rangi ya mafuta inapakwa, nyumba inang'aa. Baada ya misimu michache lipu inaanguka tena, safari hii ikiwa imeng'oa na uso wa tofali. Fedha zimekwenda, na ukuta ni mbovu kuliko mwanzo.

Sababu ni hii. Ukuta wa zamani hufyonza unyevu wa ardhini, kisha huutoa nje taratibu. Lipu ya udongo au chokaa huupa unyevu huo njia; saruji huifunga. Maji yakikosa pa kutokea hubaki ukutani, hupanda juu zaidi, na huacha chumvi inayolisaga tofali. Hatusemi saruji ni mbaya. Inafaa nyumba iliyojengwa kwa saruji.

Kwa hiyo ushauri mzuri huanza na maji. Mshauri anayejua kazi atapanda darini kutazama mabati na kenchi. Atauliza maji ya paa yanaangukia wapi. Atatazama kama udongo wa nje umejaa hadi kuipita sakafu ya ndani. Pengine dawa itakuwa mfereji na sepetu, si mifuko ya saruji. Ufa nao atauwekea alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake, kisha asubiri msimu mmoja wa mvua. Ufa uliotulia huzibwa. Ufa unaoendelea kurefuka huenda ni habari ya msingi, na huo hauponi kwa mwiko.

Mshauri huyo atapatikana wapi? Mlango wa kwanza ni ofisi ya mhandisi wa halmashauri, ambako pia utaelezwa kama kazi yako inahitaji kibali. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, na wasomi wa ujenzi wamo humo. Iringa upo mfano wa kwenda kuutazama kwa macho: Boma la Wajerumani, lenye umri wa zaidi ya miaka 100, lilikarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa. Na kama jengo lako limetangazwa kuwa kumbukumbu chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, usiguse kitu kabla ya kuwaona wahusika wa Mambo ya Kale.

Jambo la mwisho ni malipo. Mlipe mshauri kwa ushauri wake, mbali na vifaa, na akuandikie anachopendekeza. Umuulize pia ni nyumba ipi ya zamani aliyowahi kuitengeneza, ukaione baada ya mvua. Mtu anayeishi kwa kuuza saruji ni vigumu akwambie kwamba ukuta wako hauihitaji.