Kipunguza nguvu cha ampilifaya ya vali: kipi kinastahili pesa yako

Mpiga gitaa mwenye ampilifaya ya vali ya wati 15 na chumba kwenye jengo la ghorofa yuko kwenye mtihani. Vali za kutoa nguvu hunoga zinapofanyishwa kazi kwelikweli, sauti ikiwa imefunguliwa karibu na mwisho. Hapo ndipo noti inakwaruza kidogo na kurefuka, na ukilegeza mkono inasafika yenyewe. Hapo hapo ndipo jirani anapogonga ukuta. Kipunguza nguvu, ambacho wanamuziki wengine hukiita atenyueta, hukaa kati ya ampilifaya na spika, kikala sehemu kubwa ya nguvu na kuigeuza joto, kisha spika ikapata kilichobaki. Kwa ampilifaya ndogo, naona kifaa hiki kinalipa pale tu unapotaka kushusha sauti kwa kiasi. Anayetaka kupiga usiku watoto wakiwa wamelala anunue kitu kingine.

Hesabu yake ni hii. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hutoa takriban desibeli 98 kwa wati moja tu, ukiwa mita moja mbele yake. Wati 15 zinaongeza karibu desibeli 12 juu ya hapo, kwa hiyo unafika 110, wakati mazungumzo ya kawaida hayazidi sana 60. Ukikata nguvu nusu, unaondoa desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imepungua nusu, inabidi uondoe kama desibeli 10, yaani ubaki na sehemu moja ya kumi ya nguvu. Ndiyo maana kuuza ampilifaya ya wati 15 ukanunua ya wati 5 hakuleti amani nyumbani: umeshuka desibeli 5 basi.

Sasa tuangalie sokoni. Two Notes Captor, ambayo kwa bei za Marekani hucheza kati ya dola 200 na 300, hupunguza desibeli 20 na haina kiwango kingine. Maana yake ni sehemu moja ya mia ya nguvu: wati 15 zinabaki 0.15. Hata hivyo spika yetu ya mfano bado itatoa karibu desibeli 90 ukifungulia yote. Kwa mchana wa Jumamosi inafaa, na ukirudisha sauti nyuma kidogo unapiga bila kugombana na mtu. Saa sita usiku ni kelele bado. Captor ina faida nyingine ambayo kwangu ndiyo inayohalalisha bei: inaweza kubeba ampilifaya bila spika kabisa na kupeleka sauti kwenye mashine ya kurekodia, kisha wewe unasikiliza kwa hedifoni. Ila angalia omu kabla ya kulipa, zilingane na za ampilifaya yako. Captor huuzwa kwa matoleo tofauti ya omu, na Vox AC15 ya kawaida ina spika ya omu 16, wakati Fender Blues Junior ni ya omu 8.

Bugera PS1 ni ya bei ya chini, kwenye dola 100 na ushee, na ina kirungu cha kupunguza kidogokidogo. Kwa mtu wa wati 5 mpaka 15 anayetaka tu kushuka desibeli 6 au 10, sioni sababu ya kulipa zaidi. Ukishuka sana sauti inafifia, na hilo si kosa la kifaa peke yake. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio letu hupoteza besi na ncha za juu kabla ya sauti za katikati. Mashine ya dola 1,000 hairekebishi sikio.

Kuna njia ya bei nafuu zaidi, na fundi yeyote makini wa redio anaiweza. Kwa spika ya omu 8, rezista ya omu 5.6 iunganishwe mfululizo na spika, na ya omu 3.9 iwe sambamba na spika yenyewe. Ampilifaya itaona takriban omu 8.2, na spika itapata sehemu moja ya kumi ya nguvu, yaani desibeli 10 zimekatwa. Rezista ya 5.6 hubeba karibu theluthi mbili ya nguvu yote, kwa hiyo tumia zile za ganda la alumini za wati 50, uzifunge kwa skrubu kwenye boksi la chuma lenye matundu. Ampilifaya ya wati 15 ikifunguliwa mpaka mwisho huweza kutoa zaidi ya wati 20, basi usibane hapo. Vifaa vyote havipaswi kuzidi dola 25. Kwa ampilifaya ya wati 5 ningeanzia hapa kabla ya kufungua duka lolote la mtandaoni.

Onyo moja ni la lazima. Ampilifaya ya vali isiwashwe kamwe bila mzigo, yaani bila spika au kifaa cha kubeba nguvu yake. Rezista ikikatika au waya ukichomoka katikati ya wimbo, volti huweza kupanda ndani ya transfoma ya kutolea sauti na kuichoma, na transfoma hiyo ni ghali kuliko boksi la rezista. Kutoka ampilifaya hadi kipunguza nguvu tumia waya wa spika. Waya wa gitaa, hata ukifanana kichwa, ni mwembamba mno kwa kazi hiyo.

Gharama inayosahaulika ni vali zenyewe. Kifaa hakizili, lakini kinakushawishi kupiga kwa nguvu zote kila siku. Jozi ya vali za EL84 ni kama dola 40 hadi 60, na kwa mpigaji wa kila jioni itabadilishwa mapema.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi kuna jambo la umeme. Boksi la rezista halichomekwi ukutani, kwa hiyo la Marekani linafanya kazi popote. Fryette Power Station na Boss Tube Amp Expander zinachomekwa, kwa sababu hubeba nguvu yote ya ampilifaya yako kisha huikuza upya kwa ampilifaya yake ya ndani. Hizo ndizo zinazoshuka hadi sauti ya mazungumzo vizuri zaidi, lakini bei yake inakaribia au kuipita ile ya Blues Junior mpya. Ukiagiza yoyote kati ya hizo, au ampilifaya yenyewe, hakikisha imetengenezwa kwa volti 230. Ya volti 120 itakudai transfoma ya kushushia umeme, nzito na ya gharama yake.

Na kama bado hujanunua ampilifaya, usianze na vali kisha kipunguza nguvu. Blues Junior ya takriban dola 750 pamoja na Captor zinakupeleka dola 1,000, wakati Boss Katana 50, isiyo na vali, ni kama dola 300. Ina swichi ya kushuka hadi nusu wati na tundu la hedifoni. Ninapenda vali, lakini kwa chumba chenye ukuta mmoja na jirani, ningemshauri mdogo wangu achukue Katana, na pesa iliyobaki alipie fundi wa kuseti gitaa.

Ukinunua kipunguza nguvu cha rezista kilichotumika, nenda na mita ya omu. Pima kwenye tundu la kuingilia huku spika ikiwa imechomekwa, na uzungushe swichi zote taratibu. Mita ikiruka hadi njia iliyokatika kwenye kituo chochote, mrudishie mwenyewe.