Fimbo Nyeupe ya Kipofu

Wengi wamemwona kipofu mwenye fimbo nyeupe wasijue maana yake. Mwaka 1925 Bibi Helen Keller, asiyeona wala kusikia, aliwaomba watu wa chama cha Lions, wanaojitolea bila mshahara, wawe watetezi wa vipofu. Mwaka 1930, katika mji wa Peoria, Marekani, Bwana George Bonham wa chama hicho alimwona kipofu akihangaika kuvuka barabara. Fimbo yake nyeusi haikuonekana na madereva. Basi chama kikapaka fimbo rangi nyeupe, pamoja na ukanda mwekundu, kikawagawia vipofu. Desemba mwaka huo baraza la mji likatoa sheria: mwenye fimbo hiyo apishwe. Wewe dereva, ukiiona, simama, wala usipige honi, maana yeye huvuka kwa kusikiliza.