Fahamu: Chanzo cha mgongano wa chuma chini ya lori kuukuu

Lori kuukuu linalopanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, au linaloiacha barabara ya Nairobi–Mombasa pale Voi kuelekea Taveta, likigonga chini kila klachi inapoachiliwa, kwa kawaida huwa na kipuri kilicholegea baina ya giaboksi na magurudumu. Cha kushukiwa kwanza ni krosi, kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiwezesha propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, kuzunguka ikiwa imeinama. Beringi zake zikikosa grisi hulika, na unga mwekundu wa kutu kando ya vikombe vyake ni dalili ya wazi.

Fundi huyazuia magurudumu kwa vigingi, huiweka gia huru, kisha huitikisa propela huku na huku: krosi ikicheza hubadilishwa, na ikiwa imara huchunguzwa beringi ya katikati, bolti za flanji na raba zinazoshikilia giaboksi. Kuanza kwa kuifungua difu ni hasara, kwa kuwa ulegevu kidogo wa meno yake ni wa kawaida.

Propela ikikatika mteremkoni, injini haiwezi tena kusaidia kupunguza mwendo. Lori lenye krosi inayocheza lisipakiwe mzigo.