Hesabu ya Watu na Desturi za Watu

Kila baada ya miaka kadhaa serikali huhesabu watu wake, ipate kujua pa kujenga shule na dawa za kupeleka katika kila zahanati. Jambo hili si geni kwetu Waislamu. Imepokewa kwa Hudhaifa (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliamuru waandikwe watu waliosilimu, wakaandikwa wanaume 1,500. Tanzania, tangu Muungano wa 1964, imehesabu watu mara sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hesabu ya kwanza ilipata watu milioni 12 na zaidi. Ya sita ilipata 61,741,120.

Elimu ya hesabu hizi ndiyo demografia. Hiyo hutwambia wangapi wamezaliwa, wangapi wamefariki na wangapi wamehama. Lakini tarakimu haisemi kwa nini. Hapo ndipo huhitajiwa anthropolojia, elimu ya mtu kukaa na watu, kujua lugha yao, ndoa zao na malezi yao.

Tutazame Chinongwe, katika Ruangwa, nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Nachingwea. Huku ni kwa Wamwera. Kwa mila yao ya asili ukoo hufuata upande wa mama, mume huhamia kwa wakweze, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Basi karani akipiga hodi na kuuliza, "Una watoto wangapi?" mtu aweza kuwataja na wa dada yake. Hakusema uongo, kwani nao ni wanawe. Swali ndilo halikufafanuliwa.

Kadhalika mtu mwenye wake wawili katika nyumba mbalimbali. Sensa humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa. Kwa hiyo nyumba moja huonekana ina baba, na ya pili huonekana haina. Asomaye tarakimu tupu atadhani mama yule ni mjane au ameachwa, kumbe mumewe yu hai, na nafaka ya nyumba zote mbili yatoka katika jasho lake.

Lililo zito zaidi ni habari ya watoto waliofariki. Mama aliyezaa mtoto akaishi saa chache tu, mara nyingi hamtaji mbele ya mgeni, kwa uchungu au kwa haya. Wanazuoni wa fiqhi wamesema kwamba mtoto aliyelia alipozaliwa, kisha akafa, husaliwa na huingia katika mirathi. Wataalamu wa demografia nao husema kwamba aliyeonyesha dalili yoyote ya uhai amezaliwa hai, na lazima ahesabiwe. Asipotajwa, vifo vya watoto wachanga huonekana vichache, na mkunga aliyehitajiwa kijijini haletwi.

Mfano mwingine watoka Gambia, nchi ya Waislamu wengi. Hesabu zilionyesha baadhi ya wanawake wenye watoto wachache wakitumia dawa za kuzuia mimba. Wengi wangesema hawataki tena kuzaa. Caroline Bledsoe, mwanaanthropolojia wa Marekani, alieleza sababu katika kitabu chake cha 2002: wengi wao walikuwa wameharibikiwa na mimba au wamezaa mtoto mfu, nao walitaka kuupumzisha mwili urudiwe na nguvu, wapate kuzaa tena. Tarakimu ilikuwa ya kweli. Maana yake ndiyo iliyokosewa.

Hivyo yatupasa sote kusaidia. Karani ajapo, wazee wa nyumba wamjibu kwa ukweli na kwa ukamilifu, wala wasimfiche aliye hai wala aliyefariki. Na vijana wetu wanaosoma hesabu, wajifunze pia kukaa na wazee wao na kuwasikiliza. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.