Kushuka Si Kazi, Kazi Ni Kurudi: Elimu ya Kupiga Mbizi za Kina Kirefu

Wahenga walinena kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa mtu apigaye mbizi katika kina kirefu methali hii imegeuka juu chini. Kushuka hakumtaabishi, kwa maana uzito wake mwenyewe humpeleka. Kupanda ndiko kwenye ngoma. Aliyekaa dakika 20 huko chini aweza kuhitaji muda mrefu kuliko huo, pengine mara mbili au tatu, ili arudi juu akiwa mzima. Akiharakisha, hata kama mitungi yake ingali na hewa ya kutosha, aweza kufika ufukoni miguu yake ikiwa imepooza.

Jambo hili lilijulikana kwa watu wengi wa Afrika Mashariki kwa njia ya msiba. Jioni ya tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo liliteleza kutoka katika kivuko cha Likoni, mjini Mombasa, likazama pamoja na mama na binti yake mdogo. Wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji la Kenya walitafuta, na wazamiaji wa kiraia nao wakaitwa. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba, baada ya siku 13, kutoka kina cha mita 58. Katika siku hizo za majonzi watu waliosimama ufukoni waliuliza swali moja: mita 58 ni kitu gani? Ni pungufu ya urefu wa uwanja wa mpira. Mtu huzitembea kwa dakika moja tu. Kwa nini basi zimewashinda wanaume wenye mitungi migongoni?

Jibu la swali hilo ndilo somo la kwanza la kila anayetaka kujifunza mbizi za kina kirefu, zile ambazo wataalamu waliziita mbizi za kiufundi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

MPAKA WA MITA 40

Shule za kupiga mbizi kwa burudani humfundisha mwanafunzi wa mwanzo kushuka hadi mita 18. Akiendelea na masomo huruhusiwa mita 30, na mwisho kabisa mita 40. Ndani ya mipaka hiyo, na kwa muda uliopangwa, mtu akipatwa na shida lolote liwalo aweza kupanda moja kwa moja, polepole, mpaka juu. Anga iko wazi juu ya kichwa chake.

Avukapo mpaka huo, au akizidisha muda wake, anga hiyo hufungwa. Hakuna jiwe wala ubao juu yake. Maji ni yale yale. Lakini juu yake lipo dari lisiloonekana, ambalo hawezi kulipita mpaka amalize kungojea katika vituo alivyopangiwa: dakika kadhaa katika mita 21, nyingine katika mita 12, nyingine tena katika mita 9, na zilizo nyingi kabisa katika mita 6. Akipotewa na akili, akiishiwa na hewa, akipasukiwa na kifaa, hana ruhusa ya kukimbilia juu. Matatizo yake yote atayatatua palepale alipo. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mbizi za burudani na mbizi za kiufundi, na vifaa vyote vinavyotumika vimebuniwa kwa sababu yake.

MWILI KAMA CHUPA YA SODA

Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Katika mita 40 mgandamizo ni mara 5 ya ule wa nchi kavu. Katika mita 58 unakaribia mara 7. Mpiga mbizi huvuta hewa yenye mgandamizo huo huo, la sivyo kifua chake kisingeweza kufunguka. Kwa hiyo mtungi ambao juu ungemtosha saa nzima, katika mita 40 utamtosha dakika 12 tu.

Hewa hiyo iliyogandamizwa ina naitrojeni, na naitrojeni huingia katika damu, mafuta na mishipa ya fahamu kama gesi iliyoyeyushwa ndani ya soda. Chupa ya soda ikifunguliwa polepole, gesi hutoka kwa utulivu. Ikifunguliwa kwa ghafla, povu hufurika mezani. Ndivyo ulivyo mwili wa mpiga mbizi. Akipanda haraka, viputo huumbika ndani yake. Vikikaa katika viungo huleta maumivu makali. Vikikaa katika uti wa mgongo huleta ganzi na kupooza. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki wamekuwapo wavuvi wa majongoo bahari waliotumia mitungi ya hewa pasipo mafunzo, wakashuka na kupanda mara nyingi kwa siku moja, na baadhi yao wamebaki vilema.

Mfaransa Paul Bert alieleza chanzo cha maradhi haya katika kitabu chake cha mwaka 1878. Lakini kabla yake yalikwisha kuwapata vibarua waliochimba misingi ya madaraja ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa chini ya mito. Mhandisi mkuu wa Daraja la Brooklyn, mjini New York, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872 hata hakuweza tena kwenda kazini. Mkewe, Emily, ndiye aliyejifunza hesabu za ujenzi na kupeleka maagizo kwa mafundi, miaka nenda miaka rudi, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1883.

Dawa ilipatikana kwa mbuzi. Mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, pamoja na wenziwe, waliwaweka mbuzi ndani ya chumba cha chuma chenye mgandamizo, wakapima ni kwa kasi gani waweza kurudishwa katika hewa ya kawaida bila kuchechemea. Mwaka 1908 walichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo. Majedwali na kompyuta za mkononi za leo zina hesabu nyingi zaidi, lakini ni wajukuu wa majedwali hayo.

ULEVI WA KINA NA SUMU YA OKSIJENI

Naitrojeni haikomei hapo. Kuanzia mita 30 hivi humlevya mtu. Mmoja huchekacheka ovyo, mwingine huingiwa na hofu, mwingine huitazama geji yake ya hewa bila kuelewa inamwambia nini. Walevi wa aina hii hawajijui, na hapo ndipo penye hatari. Akipanda mita chache, ulevi humtoka mara moja.

Oksijeni nayo, ambayo hospitalini huokoa maisha, hugeuka sumu mgandamizo wake unapozidi. Oksijeni tupu haifai kuvutwa chini ya mita 6, kwani yaweza kuleta kifafa cha ghafla, na mwenye kifafa ndani ya maji huzama. Hata hewa hii ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, hufikia mpaka wa usalama uliowekwa kwa mpiga mbizi anayefanya kazi karibu na mita 57. Gari la Likoni lilikuwa mita 58, katika mkondo wenye nguvu na maji ya kiza. Hapo sasa swali la wale waliosimama ufukoni limejibiwa.

Wataalamu huukwepa mtego huu kwa kuchanganya gesi tatu: oksijeni, naitrojeni na heliamu. Heliamu hailevyi. Mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 18 na heliamu asilimia 45 humfanya mtu aliye mita 58 apate naitrojeni kama ya mtu aliye mita 22. Lakini heliamu ni ghali, hupoteza joto la mwili, na haimwondolei mtu wajibu wa kungojea katika vituo.

MTU AANZE WAPI?

Aanze pale anapopaona pa kitoto. Shule za mbizi za kiufundi hutaka mwanafunzi awe na umri wa miaka 18, awe na vyeti vya mbizi za burudani, na awe na mbizi za kutosha zilizoandikwa katika daftari lake. Kisha mwalimu humrudisha katika maji ya mita 5 au 6, akamwambia asimame. Akae hapo dakika 10 bila kupanda wala kushuka hata mita moja, bila kupunga mikono, huku akifunga na kufungua vali zilizo nyuma ya kisogo chake. Wengi walioingia kwa majivuno hutoka hapo wakiwa wameshika adabu. Asiyeweza kutulia katika mita 6 wakati wa mchana hataweza kutulia katika kituo chake cha mwisho, akiwa amechoka na baridi imemwingia.

Baada ya hapo huja vifaa, na kanuni yake ni fupi: kila kinacholinda uhai kiwe viwili. Mitungi miwili mgongoni iliyounganishwa kwa bomba lenye vali, ili mmoja ukivuja mwingine usalimike. Vifaa viwili vya kupumulia, kimoja kikiwa na mpira wa mita 2 hivi wa kumpa mwenziwe aliyeishiwa. Saa mbili au kompyuta mbili, na kibao kilichoandikwa vituo vyote kwa mkono. Boya na kamba yake. Mitungi ya kando yenye gesi za kupandia huandikwa kwa tarakimu kubwa kina ambacho kila mmoja haupaswi kuvutwa chini yake. Kabla ya kubadili gesi, mpiga mbizi husoma tarakimu hizo na mwenziwe huzisoma pia. Kukosea mtungi kumeua watu wenye uzoefu mkubwa.

Hesabu ya hewa hufanana na hesabu ya unga wa nyumbani. Mama mwenye busara hapimi unga wa leo tu. Hukumbuka kesho, na huweka akiba ya mgeni. Mitungi miwili ya lita 12, ikijazwa hadi mgandamizo wa 200, hubeba lita 4,800 za hewa. Theluthi moja ni ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya mwenzio akipatwa na shida. Anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, atavuta lita 100 kwa dakika katika mita 40. Theluthi yake ya kwendea, lita 1,600, itakwisha kwa dakika 16. Zikitimia hugeuka, hata kama alichokifuata kiko mbele ya macho yake.

MWALIMU WA HESABU

Kanuni hiyo ya theluthi ilienezwa na wapiga mbizi wa mapangoni huko Florida, Marekani. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Sheck Exley, mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari. Mwaka 1979 alitoa kijitabu alichochambua ndani yake vifo vya wapiga mbizi wa mapangoni, kimoja baada ya kingine. Aliona kwamba walikufa kwa sababu chache zilezile: hawakufuata kamba ya kuwarudisha mlangoni, hawakuacha akiba ya hewa, au walishuka kina kisichofaa kwa hewa waliyobeba. Hesabu zake zimeokoa watu ambao hakuwajua.

Yeye mwenyewe alikufa tarehe 6 Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 45, katika shimo la maji la Zacatón nchini Mexico, alipojaribu kufika sakafu yake. Mwenzake aliyeshuka siku hiyo hiyo alirudi hai. Kifo hicho hakikubatilisha mafundisho yake. Kilionyesha tu kwamba maji hayamwonei haya hata mwalimu wa waalimu.

MAZIWA YETU

Wakazi wa bara wasidhani kwamba habari hizi ni za watu wa pwani peke yao. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na wavuvi wa samaki wa mapambo wanaelewa fika kwamba samaki akitolewa kilindini kwa haraka, tumbo humvimba akafa. Kwa hiyo humpandisha kwa vituo, kikapu kikingojea, kama afanyavyo mpiga mbizi.

Tena maziwa yetu yako juu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na wa Ziwa Viktoria mita 1,134. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo majedwali ya baharini hayatumiki yalivyo. Kuanzia mwinuko wa mita 300 lazima yarekebishwe. Vilevile atokaye majini asipande ndege siku hiyo. Na atokaye ufukoni Bujumbura akapanda gari kwenda Bugarama amepanda zaidi ya mita 1,000, jambo ambalo kwa mwili uliojaa naitrojeni ni sawa na kufungua soda kwa mara ya pili.

Ikitokea ajali, mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni, na apelekwe haraka penye chumba cha mgandamizo. Asirudishwe majini kwa matumaini kwamba atapona. Vyumba hivyo ni adimu katika nchi zetu. Basi mtu ajue kilipo cha karibu kabla ya kulowesha miguu, na asipokijua, asishuke.

Wapo watakaouliza faida ya taabu yote hii. Vivuko vyetu huvuka kila siku, na maziwa yetu yana vilindi virefu. Ipo siku familia moja itasimama ufukoni ikingoja, na itahitaji mtu awezaye kwenda mita 58 na kurudi. Mtu huyo hapatikani siku ya msiba. Huandaliwa miaka mingi kabla, katika maji ya mita 6, akijifunza kutulia.