Mashine ndogo ya muziki: chagua ile inayolinda masikio yako



Mwezi uliopita ndugu mmoja wa konkaseri, mtu mwenye miaka zaidi ya kumi katika kazi hiyo, alikuja kwenye dispanseri pamoja na bibi yake. Alisema: «Usiku sikio langu linalia kama mdudu wa majani. Silali.» Bibi naye akaongeza: «Ninamwita mara tatu, anajibu mara moja. Nikisema saa sita, yeye anasikia pita.»

Nilimwuliza habari za kazi yake, kama anavaa vizibo vya masikio, na kama alikunywa kinini siku hizi, kwa sababu dawa hiyo nayo inaweza kuliza masikio. Kinini hakunywa. Vizibo alikuwa akivaa, lakini si kila siku. Halafu akatoa mfukoni mashine ndogo ya muziki, ile ambayo wengi wanaiita MP3, na ekuteri zake za kutia masikioni. Nikamwambia: «Iwashe kama unavyoisikiliza kila siku.» Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, na nilisikia wimbo wote, hata maneno.

Neno lililonisikitisha ni hili. Alisema: «Hii ni ya pili. Ile ya kwanza niliirudisha kwa muuzaji, haikulia kwa nguvu.» Basi ndugu yetu alikuwa amerudisha mashine nzuri na kuchukua mbaya. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze namna ya kuchagua mashine hiyo.

SIKIO LINA POSHO YAKE

Wazee wetu wanakumbuka posho, chakula ambacho kampuni ilikuwa ikipima na kugawia kila jamaa. Aliyemaliza posho yake mapema, alingoja na njaa. Sikio pia lina posho ya makelele kwa kila wiki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (UIT) walitoa kanuni kwa mashine za muziki: mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo 40.

Desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti. Lakini hazihesabiwi kama kilo za unga. Ukiongeza desibeli 3 tu, nguvu inakuwa mara mbili, na saa za posho zinakatwa nusu. Tazama:

Desibeli 80: saa 40 kwa wiki.
Desibeli 83: saa 20.
Desibeli 86: saa 10.
Desibeli 89: saa 5.
Desibeli 92: saa 2 na nusu.

Mashine nyingi zikifunguliwa mpaka mwisho zinafika 100 au kupita. Hapo posho ya wiki nzima inakwisha katika dakika 20 hivi.

Sasa fikiri juu ya mtu wa konkaseri au wa mashine ya kutoboa mawe. Akisimama bila vizibo mahali penye desibeli 89, posho yake ya wiki imekwisha kabla ya zamu ya kwanza kwisha. Akirudi nyumbani na kutia ekuteri kwa nguvu, anakula posho ambayo hana tena. Kwa hiyo, ndugu, ukipenda muziki, vaa vizibo vyako kazini tangu mwanzo wa zamu mpaka mwisho. Ukivivaa vizuri, ndipo sikio linabaki na kitu kwa ajili ya wimbo wa jioni.

KITU GANI KINAHARIBIKA?

Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, juu ya chembe kama 15 000 hivi kwa kila sikio. Vinatikisika kwa sauti na kupeleka habari kwenye ubongo. Makelele makubwa yanavilaza, kama majani yanavyolala chini ya miguu ya watu. Vikipumzika, vingine vinasimama tena. Vikikanyagwa kila siku, vinakufa, na havioti tena. Hakuna dawa wala operesheni ya kuvirudisha.

Vinavyokufa kwanza ni vile vya sauti nyembamba. Ndiyo maana mgonjwa anasema: «Ninasikia vizuri, lakini sielewi watu wanachosema.» Herufi kama s, f na t zinapotea, naye anabaki na a, o na i. Nyumbani ni ugomvi na bibi. Karibu na kamyo kubwa inayorudi nyuma, inaweza kuwa kifo.

UKIENDA KUNUNUA

1. Usimwulize muuzaji: «Inalia kwa nguvu?» Mwulize: «Inaweza kufungiwa sauti?» Mashine nzuri ina mpango wa kuweka mwisho wa sauti, nayo haipiti hapo hata kidole kikibonyeza. Nyingine inatoa onyo sauti inapopanda sana. Kama ni ya mtoto, usinunue isiyo na mpango huo.

2. Tafuta yenye nambari za sauti kwenye kioo chake. Ukifika nyumbani, kaa katika chumba kimya, panda polepole, na mtu aseme nawe kwa sauti ya kawaida akiwa karibu. Ukimsikia bado, nambari hiyo ni yako. Iandike, usiipite.

3. Tazama ekuteri kuliko mashine yenyewe. Ekuteri inayolegea inaacha makelele ya nje yaingie, nawe unapandisha wimbo ili kuyashinda. Ile yenye kipira laini kinachojaza tundu la sikio vizuri inakuwezesha kusikiliza chini. Chukua yenye vipira vya ukubwa mbalimbali, ujaribu kila kimoja.

4. Vifungo viwe vya kushikika, ili uweze kushusha au kuzima mara moja, hata mkono ukiwa mfukoni.

5. Usilipe franka nyingi kwa nafasi usiyohitaji. Wimbo wa dakika 4 wa MP3 ya kawaida unakula megabaiti 4 hivi. Basi kadi ya gigabaiti 8 inabeba nyimbo karibu 2000. Jean-Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa wa Bunkeya ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville (sasa Likasi) mwaka 1952, nyimbo zake zilitoka katika sahani zenye dakika kama 3 kila upande. Leo zote zinaingia katika kadi ndogo kama kucha.

6. Kama jamaa nzima inapenda muziki, fikiri pia redio ndogo yenye mlango wa kadi. Ukiiweka mezani kwa sauti ya kiasi, watu wote wanasikia, na hakuna anayefunga masikio yake kwa wengine.

BATRI NI KITU CHA HESHIMA

Mashine nyingi za leo zina batri ya lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza batri za namna hiyo mwaka 1991, na ndani yake mlikuwa na kobalti, kama zile tunazozichimba hapa kwetu. Sisi watu wa Lualaba na Haut-Katanga tujue basi kwamba kitu hicho kidogo kinabeba nguvu nyingi. Usikichaji chini ya mto wala juu ya godoro. Tumia sharjeri inayofaa, si waya uliofungwafungwa. Kuranti ikikatika na kurudi kwa nguvu, chomoa kwenye prizi. Batri ikivimba kama tumbo la samaki aliyeoza, usiitoboe, usiitupe motoni, usiichaji tena. Na vile vipile vya mviringo kama sarafu, viwekwe mbali na watoto: mtoto akimeza kimoja, kinaweza kumchoma koo kwa saa 2 tu. Mkimbize hospitali mara moja, usingoje kesho.

KAZINI NA NJIANI: HAPANA

Ndugu wengine wanasema: «Mimi ninatia ekuteri kazini badala ya vizibo, ni mamoja.» Si mamoja. Ekuteri ya muziki si chombo cha ulinzi. Penye makelele ya desibeli 90, wimbo hausikiki mpaka uyapande hayo 90. Tena hutasikia sireni, wala klakisoni, wala kapita anayekuita uondoke. Iache mashine yako katika nguo za nyumbani mpaka zamu iishe.

Njiani pia, ukitembea kando ya barabara au ukiwa juu ya kinga, toa ekuteri. Dereva anakuonya kwa honi, naye anafikiri umemsikia.

Watengenezaji wa kwanza walijua jambo hilo. Mashine ya kaseti ya Walkman, iliyotoka Japani mwezi wa saba mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya ekuteri, ili watu wawili wasikilize pamoja. Ilikuwa pia na kifungo cha rangi ya machungwa: ukikibonyeza, muziki unashuka, unamsikia mwenzako anayesema nawe. Kifungo hicho hakipo katika mashine nyingi za leo. Basi kiwe katika kichwa chako.

USAFI NA DALILI

Osha vipira vya ekuteri kwa maji na sabuni kila wiki, vikauke kabla ya kuvirudisha. Usiazime ekuteri za mwingine. Sikio likitoa usaha, usitie kitu, njoo dispanseri. Usisafishe sikio kwa kijiti cha kiberiti wala kifuniko cha kalamu.

Na ukiona moja ya mambo haya, usingoje: sikio linalia baada ya muziki au baada ya zamu, unasikia kama pamba imejaa ndani, watu wa nyumbani wanalalamika kwamba unapandisha redio, unaomba watu warudie maneno.

Ndugu yetu wa konkaseri tulimpeleka apimwe masikio. Karatasi ilionyesha kwamba sauti nyembamba zimepungua pande zote mbili. Hizo hazitarudi, nilimwambia wazi mbele ya bibi yake. Lakini zile zilizobaki ni nyingi, na kuzilinda kunawezekana. Sasa anavaa vizibo kila zamu. Ile mashine aliifungia sauti. Nambari yake ni 11, na mtoto wake wa kwanza ndiye anayeichunguza kila jioni. Sikio bado linalia usiku, ila kidogo kuliko mbele, naye ameanza kulala.

Wandugu, mashine ikiharibika, sokoni ziko nyingine. Sikio likiharibika, hakuna muuzaji. Mlango wa dispanseri uko wazi kwa kila mtu anayetaka kupimwa, hata kama hajasikia maumivu yoyote. Njoo na mashine yako mfukoni, tuisikilize pamoja.